Mwenye Kisukari na Mbio Ndefu: Aache au Aendelee?



Katika kutembelea vikundi, kuna swali moja ambalo limekuwa likitufuata kutoka kijiji hadi kijiji. Mara linaulizwa na mama ambaye kijana wake anadungwa insulini kila siku, na bado anataka kukimbia kilomita 10 pamoja na wenzake wa shule. Mara linaulizwa na mzee anayemeza tembe za sukari, na ambaye amezoea kwenda sokoni kwa baiskeli, kilomita 20 kwenda na kurudi. Swali ni lile lile: mtu akiwa na ugonjwa wa sukari, aache mambo ya kutoka jasho, au aendelee?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: aendelee, lakini asiende ovyo. Aende na mpango, aende na sukari mfukoni, na aende na mtu anayejua hali yake. Mtoto akikatazwa kabisa kukimbia, tunamnyima afya na tunamtenga na wenzake. Akiachwa akimbie hivi hivi tu, anaweza kuanguka njiani ambapo hakuna mtu wa kumsaidia. Mambo yote mawili ni mabaya. Njia iliyo katikati yahitaji maarifa, na maarifa hayo si magumu.

Wengine wameweza

Kwanza tuondoe ile fikira kwamba mwenye kisukari ni mtu wa kukaa kivulini. Steve Redgrave wa Uingereza, mpiga makasia, alikuwa ameshinda medali za dhahabu katika Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1984 hadi 1996. Mwaka wa 1997 akaambiwa ana kisukari. Wengi wangekunja jamvi. Yeye alijifunza kupanga chakula na insulini yake, akaendelea na mazoezi yale marefu, na mwaka wa 2000 huko Sydney, akiwa na umri wa miaka 38, akashinda medali ya tano.

Huko Marekani, Phil Southerland, ambaye ana kisukari tangu utotoni, alishiriki kuanzisha timu ya baiskeli mwaka wa 2005. Baadaye timu hiyo ilipewa jina Team Novo Nordisk, na waendeshaji wake wakawa wote ni watu wenye kisukari cha aina ya kwanza. Imeshiriki zaidi ya mara moja katika mashindano ya Milan–San Remo huko Italia, ambayo ni karibu kilomita 300 kwa siku moja.

Mtasema, hao wana madaktari wao na mashine za kila aina. Ni kweli. Lakini kanuni wanazofuata ndizo hizi tutakazoeleza hapa, na nyingi zinahitaji daftari, ndizi na rafiki.

Mwili unafanya nini tukikimbia?

Chakula tunachokula, hasa ugali, mchele, viazi na ndizi, kinageuzwa kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo ndiyo kuni za mwili. Ili iingie ndani ya misuli ichomwe, yahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ni kama ufunguo wa mlango.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho limeacha kutengeneza insulini. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, ingawa mtu mzima pia aweza kukipata. Mtu huyu lazima adungwe insulini maisha yake yote. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi, insulini ipo lakini haifanyi kazi vizuri, au haitoshi. Hawa wengi hutumia tembe, na wengine hufika mahali pa kuhitaji sindano.

Sasa, mtu akianza mwendo mrefu, misuli inavuta sukari kwa wingi kutoka kwa damu. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho linajua. Linapunguza insulini mara moja, na ini linafungua ghala lake na kutoa sukari ya akiba. Hesabu inabaki sawa.

Lakini insulini iliyodungwa haina mtu wa kuipunguza. Ni kama maji ya tangi lisilo na mfereji wa kufunga: ukishafungua, yanatoka mpaka yaishe. Kijana amedungwa saa mbili asubuhi, saa tatu anakimbia. Insulini inaendelea kusukuma sukari ndani ya misuli, na misuli nayo inavuta. Sukari ya damu inashuka kutoka pande mbili. Ndiyo sababu mtu aliyeondoka nyumbani akiwa mzima kabisa anaweza kuanguka kilomita ya saba.

Jambo lingine la kushangaza ni kwamba mbio fupi za kasi sana zaweza kupandisha sukari kwa muda, wakati mbio ndefu za pole pole kwa kawaida zinaishusha. Kwa hivyo usishangae kijana akipimwa baada ya mita 200 na sukari iwe juu. Asikimbilie kuongeza sindano.

Sukari ikishuka sana

Hapa ndipo maisha yanapotea au yanaokolewa, basi tusome pole pole. Sukari ikiwa chini ya 4 katika mashine tunazotumia hapa Kenya, imeshuka mno. Dalili ni kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, moyo kupiga mbio, macho kuona giza, hasira bila sababu, maneno yasiyoeleweka, kuyumbayumba. Shida ni kwamba mkimbiaji tayari anatoka jasho na moyo unapiga mbio, kwa hivyo mwenyewe aweza kukosa kutambua. Na wanaomwona akiyumba njiani hudhani amelewa, wakampita wakicheka. Mtu amekufa si kwa kukosa dawa bali kwa kukosa vijiko vya sukari.

Fanyeni hivi:

1. Asimame. Asijaribu kumaliza mbio.
2. Apewe sukari ya haraka: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda, yaani kama mililita 150. Iwe soda ya kawaida, kwa maana ile isiyo na sukari haisaidii kitu.
3. Ngojeni dakika 15. Kama mashine ipo, apimwe tena. Kama bado yuko chini ya 4, au bado anatetemeka, arudie.
4. Akipata nafuu, ale chakula cha kukaa tumboni, kama ndizi, mkate au kiazi kitamu. Siku hiyo mbio zimekwisha.

Kama amezimia au hawezi kumeza, msimtie kitu chochote kinywani, kwa maana chaweza kuingia mapafuni. Mlazeni ubavu, na mmpeleke hospitali kwa haraka, hata kama ni kwa pikipiki akiwa ameshikwa na mtu nyuma. Waambieni wauguzi mara moja kwamba ana kisukari.

Tena kumbukeni kwamba hatari haiishi mbio zikiisha. Misuli iliyochoka inaendelea kujaza akiba yake usiku kucha, hata kufikia saa 24 au zaidi. Mtu aliyekimbia jioni anaweza kushukiwa na sukari usiku wa manane akiwa amelala. Kwa hivyo apime kabla ya kulala, na kama ni chini ya 7, ale kitu: kipande cha mkate au kikombe cha uji. Anayelala chumba kimoja naye aambiwe. Akisikia mwenzake akihangaika, shuka zikiwa zimelowa jasho, amwamshe na ampe sukari.

Sukari ikipanda sana

Kuna wale wanaofikiri hivi: kama mazoezi yanashusha sukari, basi nikimbie badala ya kudungwa, nipunguze gharama. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, fikira hii inaua. Tukumbuke kwamba mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini alidungwa mwaka wa 1922 huko Toronto, Kanada. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata ugonjwa huu hakuishi muda mrefu, hata awe hodari namna gani.

Bila insulini mlango umefungwa. Misuli inalia njaa, ini linazidi kumwaga sukari, na mwili unaanza kuchoma mafuta yake na kutoa asidi zinazoitwa ketoni, ambazo ni sumu zikizidi. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, maumivu ya tumbo, kutapika, kupumua kwa nguvu, na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Mtu wa namna hii akikimbia, anazidisha moto. Asikimbie, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mazoezi yaweza kufanya daktari apunguze kipimo cha insulini. Hayawezi kuchukua mahali pake kwa mgonjwa wa aina ya kwanza. Na kupunguza huko kufanywe pamoja na klinika, si kwa kukisia nyumbani. Sisi si madaktari, na hatutaki mtu yeyote abadilishe dawa kwa sababu ya kusoma ukurasa huu.

Kabla, wakati na baada

Hii ndiyo kanuni ya kila safari ndefu kwa mtu anayetumia insulini, iwe ni mbio, baiskeli au kupanda mlima. Isomeni pamoja, na mwende nayo klinika mkaulize kama yafaa kwa mgonjwa wenu.

Kabla. Apime sukari. Ikiwa kati ya 7 na 10, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikiwa kati ya 5 na 7, ale kidogo kwanza, kama nusu ndizi. Chini ya 5, ale ndizi nzima au anywe kinywaji chenye sukari, angoje ipande. Chini ya 4, atibiwe kama tulivyoeleza hapo juu, na siku hiyo asikimbie. Ikiwa zaidi ya 15, angoje. Akijisikia mgonjwa au ana dalili za ketoni, asiende popote ila hospitali. Na kama katika saa 24 zilizopita alizimia kwa sababu ya sukari kushuka, apumzike.

Insulini asidunge kwenye paja kama anakaribia kukimbia, kwa sababu misuli ya mguu ikifanya kazi dawa inaingia haraka kuliko kawaida. Ni afadhali tumboni. Na wengi huona rahisi kukimbia alfajiri kabla ya sindano ya chakula, kwa sababu wakati huo insulini iliyo mwilini ni kidogo. Lakini hili nalo lipangwe na klinika.

Wakati. Mwendo ukizidi saa moja, ale akiwa njiani. Wataalamu wanasema gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Kwa lugha ya jikoni, hiyo ni kama ndizi mbivu moja ya kadiri au mbili, au chupa ndogo ya soda, ikigawanywa kidogo kidogo kila dakika 20. Maji pia anywe. Asingoje mpaka asikie njaa au kutetemeka.

Baada. Apime tena, ale chakula chake, na aandike. Daftari ndilo mwalimu. Aandike tarehe, alikimbia umbali gani, alidunga kiasi gani, alikula nini, sukari kabla, sukari baada, sukari ya kulala. Baada ya majuma machache ataona mwili wake unavyokwenda. Miili haifanani, kilomita 10 zinazomshusha huyu kidogo zaweza kumwangusha yule. Daftari hilo likipelekwa klinika, daktari ana kitu cha kusoma, si kukisia.

Insulini nayo ilindwe. Joto linaiharibu, hata kama kwa macho yaonekana sawa. Asiiweke mfukoni juani mchana kutwa. Penye ukosefu wa friji, chungu kidogo kiwekwe ndani ya chungu kikubwa, katikati mtie mchanga uliolowa maji, na viwekwe kivulini penye upepo. Maji yakikauka yaongezwe. Njia hii ni ya zamani na inapoesha vizuri.

Kwa wazee wanaomeza tembe

Tembe hazifanani. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi yaweza kuishusha sana, hasa mtu akitembea mbali au akilima tangu asubuhi bila kula. Basi ujue jina la tembe zako, na uulize klinika zako ni zipi. Anayemeza ile ya pili asiende shamba au sokoni bila kitu cha kutafuna.

Kwa kisukari cha aina ya pili, mwendo ni dawa ya kweli. Misuli inayofanya kazi inafungua mlango hata insulini ikiwa dhaifu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 lilipendekeza dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa kadiri kwa watu wazima, na hao wenye kisukari wamo. Hiyo ni angalau nusu saa kwa siku, siku tano. Lakini mtu ambaye hajatoka jasho kwa miaka asianze na kilomita 10. Aanze na dakika kumi za kutembea, na aongeze pole pole. Kama ana presha, maumivu ya kifua au macho yaliyoharibika, apimwe kwanza.

Miguu ichungwe

Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu. Mtu anakanyaga mwiba na hasikii. Kidonda kidogo cha kiatu kinaoza, na mwisho mguu unakatwa. Tunajua kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za maratoni huko Roma mwaka wa 1960 bila viatu, na vijana wetu wengi wamekua wakikimbia hivyo. Mwenye kisukari asiige. Avae viatu vinavyomtosha na soksi kavu, atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa aone kama kuna kijiwe, na kila jioni aoshe miguu, aifute hata kati ya vidole, aiangalie. Asiyeweza kuona nyayo zake aangaliwe na mtoto au mwenzake. Akipata kidonda, mbio zisimame mpaka kipone.

Kikundi kitafanya nini?

Hapa ndipo tunapowatazama ninyi. Mgonjwa mmoja peke yake atashindwa; kikundi hakitashindwa.

• Changeni mnunue mashine ya kupima na vile vikaratasi vyake, kwa maana vikaratasi ndivyo vinavyomaliza pesa. Hata mtu akipima siku za mwendo mrefu tu, ni afadhali kuliko kutopima. Sindano ya kudunga kidole isishirikiwe kamwe; kila mtu na yake, na ikitumika itupwe mahali salama. Mashine nayo ipanguswe kwa dawa ya kuua viini kila baada ya mtu.

• Teueni mwenzi wa mwendo kwa kila mwenye kisukari. Ajue dalili, na abebe sukari yake pia, kwa sababu mfuko mmoja waweza kupotea.

• Mwandikieni karatasi ya kubeba mfukoni: "Nina kisukari. Nikiyumba au nikiongea ovyo sijalewa. Nikiweza kumeza nipeni sukari. Nikizimia nipelekeni hospitali." Iandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwenu.

• Nendeni kwa mwalimu wa michezo mkaongee naye kabla ya msimu wa mashindano. Mwalimu asiyejua atamfukuza mtoto uwanjani kwa woga, au atamsukuma akimbie akiwa tayari anatetemeka. Akielezwa, ataweka chupa ya maji ya sukari kando ya uwanja, na mtoto atakimbia kama wengine.

• Acheni kumwita mtoto "mgonjwa wa sukari" mbele ya wenzake. Mtoto anayeaibishwa atajificha asidunge, na asile njiani ili asionekane. Aibu imeangusha wengi kuliko mbio zenyewe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani tunaowajua wenye kisukari? Wanatembea au wanafanya kazi peke yao mahali pa mbali?

2. Mtu akianguka njiani leo, nani katika kikundi anajua la kufanya? Fanyeni mazoezi: mmoja aigize, wengine wamsaidie.

3. Kuna mtoto aliyekatazwa michezo shuleni kwa sababu ya kisukari? Nani ataenda kuongea na mwalimu, na lini?

4. Tukichanga kila mwezi, tunaweza kununua vikaratasi vingapi, na mweka hazina ataviweka wapi visiharibiwe na unyevu?

Mkimaliza mjadala, andikeni majina ya wenzi wa mwendo kabla ya kutawanyika. Msiliache jambo hili mpaka mkutano ujao, kwa maana kesho asubuhi kuna mtu atakayefunga kamba za viatu na kuanza safari.